Mwaka Goti la Mwanangu Lilipokataa Kukunjika

Wajukuu wangu hawanifuati nikiongea Dholuo haraka. Mama yao ni wa Maragoli, na pale Manyatta, mjini Kisumu, wanakoishi lugha ya nyumba ni Kiswahili. Kwa hiyo haya nayaandika kwa Kiswahili. Shule niliacha darasa la nne, lakini nimeuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Kisumu kwa watu wa kila kabila tangu nikiwa msichana, na huwezi kubishania bei kwa lugha usiyoijua. Atakayeona kosa alirekebishe kichwani mwake na asome mbele.

Nataka kueleza mwaka ule goti la baba yao lilipovimba, na jambo alilofanya mama yao. Watu wameshaeleza, kila mtu na namna yake, na wengine hawakuwepo. Mimi nilikuwepo.

Mwanangu huyo ni kifungua mimba wangu. Kazi yake ni kuchomea vyuma. Anatengeneza mageti na madirisha, na ana kibanda chake kando ya barabara, Manyatta. Ukipita uone geti lenye maua ya chuma ambayo petali zake zimekunjwa kama za kweli, usiulize, ni lake. Sisemi hivyo kwa sababu ni wangu. Nina mwingine ambaye pia ni wangu, na huyo hata msumari hajui kunyoosha.

Mume wangu alikufa kabla ya kumtoa kijana akajenge dala lake, yaani boma lake mwenyewe. Kwetu Seme, mtoto wa kiume akikua anapewa kijumba chake ndani ya boma la baba yake, tunakiita simba. Hapo anaweza kulala hata akiwa na mke na watoto. Lakini hicho bado ni cha baba yake. Siku ya kutoka, baba anamtangulia asubuhi hadi mahali papya, au kama baba hayupo, ndugu ya baba. Mwenye dala anabeba shoka, mke wake anabeba moto, mtoto wao wa kwanza wa kiume anabeba jogoo. Mwenye dala anachimba shimo la kwanza kwa mikono yake, anasimamisha nguzo ya kwanza kwa nguvu zake, na kabla jua halijazama nyumba iwe imesimama. Hakuna kumtuma mtu akuchimbie. Na mdogo wake hawezi kujenga kabla yake, hata awe na haraka namna gani.

Mwanangu alikuwa ameshaanza kuota mvi na bado akija nyumbani analala kwenye simba, mke na watoto wamejibana humo kama omena kwenye gunia. Mimi nami nilikuwa nimeanza kuzeeka. Nilitaka kuliona hilo dala nikiwa na macho. Kwa hiyo mwaka ule tulikubaliana na shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, kwamba tukishavuna atamtoa.

Kwanza ilibidi mambo ya ukweni yamalizike. Ng'ombe wa mahari waliobaki wakapelekwa Maragoli, wakiongozwa na shemeji yangu na wanaume wengine wa boma, na mwanangu akiwa katikati yao amevaa koti. Mimi sikwenda. Walirudi wameshiba. Shemeji alisifu kuku wa Maragoli mpaka nikamwambia basi ahamie huko.

Baada ya hapo siku zikapita, wiki zikapita. Mwanangu akaja nyumbani na shemeji wakaenda kuangalia mahali pa kujenga, upande wa juu wa shamba letu, karibu na jiwe kubwa. Walipima kwa miguu na kuweka vijiti. Akarudi Kisumu. Haukupita muda mke wake akanipigia simu.

"Mama, jicho lake moja ni jekundu sana."

"Yeye ni fundi wa kuchomea," nikasema. "Lini macho yake yalikuwa meupe?"

"Hili ni jekundu tofauti. Hawezi kuangalia mwanga wa mlango."

"Avae miwani yake ya kazi kama anavyoambiwa."

Nikakata simu. Baadaye akasema kisigino kinamuuma, asubuhi anashuka kitandani kama mzee. Nikasema anachuchumaa kwenye simenti siku nzima, kisigino kitaacha kuuma vipi. Kila kitu kilikuwa na sababu yake, na sababu ilikuwa kazi. Fundi akiumwa goti, ni kwa sababu anapiga magoti. Ndivyo tulivyofikiri sote, hata yeye.

Kisha goti la kulia likavimba. Nilipofika Manyatta nilimkuta kwenye kiti, mguu umewekwa juu ya debe, goti limejaa na kung'aa kama chungu kilichopakwa mafuta. Ukiligusa, joto. Halikunjiki. Hawezi kwenda chooni bila kumshika mke wake bega. Kwenye zahanati ndogo karibu na hapo walikuwa wamempa dawa za malaria na za taifodi pamoja, kama kawaida. Mama mmoja wa sokoni akawa amemkanda kwa mafuta, na baada ya kukandwa likazidi.

Shemeji yangu akasikia. Akapiga simu na sauti yake ikawa ya chini, ile sauti ya mambo ya boma.

"Shemeji, hilo goti lilianza lini?"

"Si muda mrefu."

"Baada ya sisi kwenda kupima, ndiyo au siyo?"

"Ndiyo."

"Basi hujaona? Pale mahali panamkataa. Kuna kitu kimewekwa pale, na yeye amekikanyaga. Mguu uliotangulia ni wa kulia. Nilikuwa nyuma yake, niliona."

Nikamwambia nitafikiri. Nilifikiri kweli. Sitawadanganya niseme sikuogopa. Mtu akivimba mguu wiki chache baada ya kukanyaga mahali anapotaka kujenga, kwetu watu hawafikirii magonjwa. Wanafikiria nani hakutaka ajenge. Na wakishaanza kutafuta nani, hilo dala halijengwi tena mwaka huo, wala mwaka unaofuata, kwa sababu kila jirani anamwangalia mwenzake. Nimeona boma likioza hivyo. Kijana anakaa anangoja mahali pasafishwe, nywele zinakuwa nyeupe, na mwishowe anajengewa siku ya kuzikwa.

Mke wa mwanangu alikuwa amesimama karibu na jiko akinisikiliza nikiongea na shemeji. Akasema, "Mama, twende hospitali kubwa kwanza. Mambo ya mahali yatangoja, mahali hapatembei."

Huyo ndiye mama yenu, wajukuu wangu. Haongei sana, lakini akiongea anaongea hivyo. Tukamwita kijana wa tuktuk, tukamwingiza mgonjwa mguu wake ukitokeza nje kama mzigo wa mabomba, tukaenda.

Daktari aliyempokea mwanangu alikuwa mwanamke, si mzee. Ninachokumbuka ni kwamba hakuanza na goti. Alimwangalia jicho kwanza, akalifungua kwa kidole, akamuuliza mwanga unauma namna gani. Akashika kisigino nyuma, mwanangu akaruka. Akauliza mgongo asubuhi ukoje, unachukua muda gani kulegea. Akamwuliza kama alianguka, kama aligongwa, kama kuna mtu katika ukoo mwenye viungo vya kuvimba. Ndipo akafika kwenye goti, akalikandamiza pembeni na tukaona maji yakisukumana chini ya ngozi.

"Mwezi huu uliopita, au kabla kidogo, tumbo lako lilikuwa vipi?" akauliza. "Uliendesha?"

"Hapana," mwanangu akasema.

"Hata kidogo?"

"Hapana, daktari."

Mimi nilikuwa nimesimama upande wa kichwa, mke wake upande wa miguu. Nilimwona mama yenu akiangalia sakafu. Nikafikiri amechoka.

Daktari akasema lazima atoe maji ya goti kwa sindano, aone kuna nini ndani. "Nikikuta usaha, leo hii tunamlaza na kulisafisha goti, kwa sababu usaha unakula mfupa. Sitaki kungoja." Sindano ilikuwa ndefu. Mwanangu hakulia, alinishika mkono tu, na ana mkono wa fundi, vidole vyangu viliuma mpaka jioni. Maji yaliyotoka yalikuwa ya manjano, yamechafuka, mazito kidogo. Daktari akayainua kwenye mwanga, akayapeleka maabara. Wakamlaza hapo, wakampima damu na mkojo, na kila kitu kingine wanachopima.

Kesho yake tulirudi mapema na uji. Daktari akaja na majibu, akavuta pazia kuzunguka kitanda, halafu akanigeukia.

"Mama, naomba utoke kidogo. Nina maswali ya mume na mke."

Nilitoka. Nilitoka mpaka upande wa pili wa pazia, nikasimama. Pazia si ukuta, na huyo ni mtoto wangu.

Nikamsikia akisema, "Baba, nisikilize vizuri. Goti lako halina wadudu. Maji ni ya goti lililowaka, lakini hakuna usaha wa kula mfupa. Goti, jicho na kisigino, vyote vitatu ni ugonjwa mmoja. Mwili wako ulipigana na wadudu mahali pengine, wadudu wakaenda zao, na mwili haujaacha kupigana. Mara nyingi wadudu hao huingia kwa njia mbili. Kwa chakula, tumboni. Au kwa kulala na mtu mwenye maambukizi. Jana nilikuuliza tumbo ukasema hapana. Nakuuliza mara ya pili."

Nikasikia kitanda kikilia, mgonjwa akijigeuza.

"Kukojoa kunachoma?"

"Kidogo, siku zile za kwanza."

"Na tumbo?"

"Hapana."

"Sawa. Basi kama si tumbo, inabaki ile njia nyingine. Nitawatibu nyote wawili, wewe na mama, na utaniambia kama kuna mwingine wa kutibiwa."

Nikiwa nje ya lile pazia nikasogeza sikio karibu. Nikangoja mwanangu akatae. Namjua, mambo hayo si yake. Lakini nikamsikia akisema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Daktari, fanya unavyoona."

Sikuelewa. Mwanaume anaambiwa mbele ya mke wake kwamba labda ametembea nje, na anasema fanya unavyoona.

Ndipo mama yenu akaongea.

"Hapana. Daktari, ngoja. Viatu vya mama mkwe wangu viko hapo chini ya pazia, naviona. Anatusikia. Nitasema hivyo hivyo."

"Usiseme," mwanangu akasema.

"Nitasema."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana kuhusu tumbo. Hatukukubaliana unitie aibu ambayo si yako wala si yangu." Halafu akamgeukia daktari. "Ni tumbo. Alienda kwetu kupeleka ng'ombe. Mama yangu alimpikia kuku wake peke yake, mzima, kama tunavyomfanyia mkwe. Mvua ilikuwa imezima moto jikoni, wageni wameshakaa, wakaharakisha. Aliporudi Manyatta akaendesha siku kadhaa. Na homa. Na damu kidogo. Mimi ndiye nilimkorogea maji ya chumvi na sukari. Akaniapisha nisimwambie mtu."

"Damu?" daktari akauliza.

"Ndiyo."

"Baba, huyo kuku alikuwa ameiva?"

Mwanangu akasema, "Karibu na mfupa alikuwa mwekundu."

"Ukaona na ukaendelea kula?"

"Daktari, mama mkwe amekuja mwenyewe na sahani, ameiweka mbele yangu, amerudi nyuma amesimama mlangoni anaangalia kama nitafurahi. Ningefanya nini?"

Nikasikia daktari akicheka, si kicheko cha kudharau. "Mimi pia nimeolewa," akasema. "Wangu wa ukweni wanapika samaki na macho yake."

Nikavuta pazia nikaingia. Mama yenu alisimama wima, mikono imeshika chuma cha kitanda, akinitazama usoni. Alijua alichofanya. Kwetu na kwao pia, mama mkwe wa mtu ni mtu wa heshima kubwa. Huketi naye karibu, hutaji chakula chake kwa ubaya, hata ukikuta jiwe ndani unameza. Yeye alikuwa amesema mama yake mzazi alimlisha mkwe chakula kibichi, na akasema mimi nikisikia, mimi ambaye ningeweza kulibeba neno hilo mpaka Seme na kuliweka mbele ya wazee wiki chache kabla ya yeye kubeba moto wa dala. Na aliona viatu vyangu kabla hajafungua mdomo.

Nikamwuliza mwanangu, "Ulimla wote?"

"Wote, Mama."

"Na firigisi?"

"Na firigisi."

"Vizuri," nikasema. "Hukumwaibisha mwenye nyumba. Sasa mwambie daktari kila kitu anachouliza, na usinidanganye tena kwa kumlinda mtu. Mimi si mahakama." Halafu nikamgeukia mke wake nikamwambia akae, amesimama tangu asubuhi. Nikampa kile kiti kimoja kilichokuwepo. Mimi nikasimama.

Daktari hakukubali kwa maneno peke yake, na hilo nalo nililipenda. Alingoja majibu ya mkojo na damu yaliyobaki, na yakaja safi. Ile njia nyingine ikafungwa. Ndipo akatueleza vizuri. Kuku aliyeharakishwa anaweza kuwa na wadudu wanaochoma utumbo. Tumbo linapona. Lakini kwa watu wengine, baada ya wiki chache, askari wa mwili wanashambulia viungo na macho kama vile mwizi bado yumo. Akasema ni kama siku polisi wanaporusha gesi ya machozi mtaani: waliorusha mawe wameshakimbia zamani, na wanaolia ni wenye nyumba. Hilo kila mtu wa Kisumu analielewa.

"Kwa hiyo hakukanyaga kitu?" nikauliza.

"Alikanyaga wapi, Mama?"

"Basi acha."

Akaniambia ugonjwa huo unaitwa kuvimba kwa viungo baada ya maambukizi, na jina lake la kidaktari akaliandika kwenye karatasi. Akasema unaweza kutokea baada ya chakula cha harusi, cha hoteli, hata cha kwangu. Akatoa dawa za kupunguza uvimbe, zimezwe na chakula, si kwenye tumbo tupu. Akamtuma kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, kwa sababu jicho la namna hiyo likiachwa linaweza kuharibika, na huko akapewa matone. Hakumpa sindano kali za kuua wadudu, kwa sababu wadudu wameshaondoka. Akasema goti litachukua wiki nyingi, pengine miezi. Watu wengi hupona kabisa, wachache hurudiwa. Apumzike, akunje na kunyoosha kidogo kidogo, asipige magoti kwenye simenti.

"Na kuchimba shimo?" nikauliza.

"Shimo la nini?"

Nikamweleza. Akafikiri. "Akiwa amesimama, na uvimbe umeshuka, na si leo wala wiki ijayo. Mniletee goti nilione kwanza."

Tulivyotoka, mwanangu akiegemea fimbo ya hospitali, nikamwuliza mama yenu: niseme nyumbani, au ninyamaze?

Akamshika mume wake kiwiko, akajibu. "Mama, nimeshasema. Ukinyamaza, Baba Mdogo ataleta mtu wa kuchimba pale mahali. Sema. Lakini mama yangu asitukanwe."

"Hatatukanwa nikiwepo," nikasema.

Shemeji yangu alikuja Jumapili baada ya kanisa. Alikaa, akanywa chai yote kwanza, halafu akasema amepata mtu kule upande wa Pap Onditi anayeweza kutoa kilichozikwa.

"Hakuna kilichozikwa," nikasema. "Ni kuku."

"Kuku gani?"

Nikamweleza, bila kuzungusha. Akanitazama kama nimechanganyikiwa.

"Shemeji, mimi nilikula huko huko. Tumbo langu halikusema kitu."

"Wewe ulikula nyama ya sufuria kubwa, pamoja na wengine, iliyochemka tangu asubuhi. Yeye alipikiwa kuku wake peke yake. Aliheshimiwa."

"Kwa hiyo heshima ndiyo iliyomvunja goti."

"Ndiyo."

Akacheka kwa pua. "Wamaragoli, watu wa kuku, wamempiga kwa kuku."

"Shemeji," nikasema, "hao ndio waliozaa wajukuu wa kaka yako. Ukicheka, cheka ukiwa nyumbani kwako."

Akaacha kucheka. Lakini alikuwa na neno lingine, na neno hilo halikuwa la kipumbavu. Akasema, "Nisikilize. Mwanamke anayetangaza kosa la mama yake hospitalini, kesho atatangaza la dala letu. Ndiye huyo atabeba moto?"

"Ndiye huyo."

"Kwa nini?"

"Daktari aliweka mbele yao njia mbili. Ni chakula, au mtoto wa kaka yako ni mzinzi. Mwanangu alikuwa tayari kuitwa mzinzi ili jina la mama mkwe wake libaki safi. Mke wake akakataa. Alichukua jina la mama yake mzazi akaliweka chini, ili la mume wake lisimame. Na alijua nasikia. Niambie wewe, ungetaka mke wako achague nini?"

Shemeji akazungusha kikombe kitupu. Baadaye akauliza, "Alijua unasikia?"

"Aliona viatu vyangu. Akasema vipo."

"Viatu," akasema, akatikisa kichwa. Akakaa. Halafu akauliza daktari alisema shimo linaweza kuchimbwa lini. Nikajua tumemaliza. Habari za mtu wa Pap Onditi sikuzisikia tena.

Mama mzazi wa mama yenu, kule Maragoli, alisikia pia, kwa sababu binti yake alimpigia simu mwenyewe. Hakutaka asikie kwa wapita njia. Mkwe mwenzangu akanipigia akilia. Sijui kuongea na mtu anayelia kwenye simu. Nilimwambia hata kwangu mvua huzima moto, na kijana alisema firigisi ilikuwa tamu. Hilo la firigisi nililiongeza. Akaniuliza habari ya goti, nikamsikia kwa shida, maana alikuwa analia na maneno yake yanakatika. Nikamwambia goti linashuka, alale.

Lilishuka polepole. Kuna wiki lilishuka, na wiki nyingine likarudi nusu, na mwanangu akawa mkali kwa kila mtu, hata kwa jogoo. Jicho lilipona mapema. Kisigino kilichelewa. Kazi aliifanya akiwa amekaa kwenye stuli aliyojitengenezea mwenyewe kwa vyuma vilivyobaki, mguu umenyooshwa mbele, na nasema bila haya kwamba mageti ya miezi ile ni mazuri kuliko ya kabla, maana alikuwa na muda wa kuyaangalia. Mama yenu alimkanda? Hapana. Daktari alikataza kukanda, na yeye alimfukuza mama wa sokoni mlangoni na chupa yake ya mafuta. Alimhesabia kukunja na kunyoosha kila asubuhi kama mwalimu wa mazoezi, watoto wakihesabu pamoja naye mpaka jirani mmoja wa kule nyuma akajua kuhesabu.

Mavuno yakapita, tukangoja. Watu wakauliza, nikawajibu: anaumwa goti, anatibiwa, atajenga. Siku daktari aliposhika goti, akalikunja mpaka mwisho na mwanangu hakukunja uso, tulimwita shemeji tukiwa bado kwenye korido.

Asubuhi ile kulikuwa na umande mwingi. Shemeji alitangulia. Nyuma yake mwanangu na shoka, akitembea bila fimbo, mguu wa kulia ukisita kidogo kwenye mteremko, halafu mtoto na jogoo, halafu mama yenu na moto kwenye kigae, halafu mimi na wengine. Wanaume wa boma walikuwa wameshafika na miti na mabati. Walikuwa wengi kuliko tuliowaita. Baadhi walikuja kujenga. Baadhi, nawajua, walikuja kuona kama goti litamkataa pale mahali.

Mwanangu akashika mtaimbo. Alichimba akiwa amesimama, kama alivyoambiwa, akiegemea mguu wa kushoto. Ardhi ya pale ni ngumu, ina changarawe. Alichimba, akapumzika, akachimba. Mwanaume mmoja kijana akasogea amsaidie, shemeji yangu akamzuia kwa mkono bila kumwangalia. Shimo likafika kiasi chake, mwanangu akaiinua nguzo, akaisimamisha, akaishindilia udongo kwa mguu. Kwa mguu wa kulia. Alichagua huo makusudi, mbele yao wote, na ule mguu ukakubali.

Shemeji akaitikisa nguzo. Haikutikisika. Akageuka kwa wanawake.

"Mwenye moto yuko wapi?"

Mama yenu akatoka kati yetu. Ilibidi apite mbele ya wanaume wote wale, na wote walikuwa wameshasikia habari ya hospitali, na yeye alijua wamesikia. Alipita na kile kigae, moshi ukimwingia machoni, na hakuinamisha kichwa. Shemeji yangu alirudi nyuma hatua moja kumpisha njia.

Jirani mmoja mwanamke akaniinamia sikioni. "Huyo ndiye yule?"

"Ndiye huyo," nikasema, kwa sauti ya kutosha kila mtu asikie. "Ni wetu."